Kona ya kushoto ndani ya mikalitusi: jibu kwa msomaji wa Bagira

Swali: "Jambo yaya. Niko Bukavu, kwetu ni Bagira. Mwaka jana nilinunua kinga (baiskeli) ya okazo, yaani ya mtumba, VTT (ya milimani) ya inchi 26, ina amotisa (springi ya kupunguza mtikisiko) ya mbele tu, na breki za diski zinazovutwa kwa waya. Mimi nina kilo 68. Kupanda naweza, hata kama napumua kama mbuzi. Shida ni kushuka. Nikitoka juu, upande wa Kabare, kurudi kuelekea Ziwa Kivu, breki zinalia, vidole vinakufa ganzi, na kuna kona moja ya kushoto ndani ya mikalitusi imeniangusha mara tatu. Kila mara ni gurudumu la mbele linalokimbia. Binamu yangu anasema niuze hii, nitafute yenye amotisa mbele na nyuma. Kiangazi kikifika tunataka, mimi na wenzangu wawili, kufuata ziwa hadi Katana, halafu siku nyingine tuvuke hadi kisiwa cha Idjwi. Nianzie wapi?"

Mdogo wangu, usiuze. Binamu yako anakupenda, lakini dawa anayokupa ni ya ugonjwa mwingine. Amotisa ya nyuma inasaidia gurudumu la nyuma lisirukeruke kwenye mawe na mashimo. Wewe hukuniambia gurudumu la nyuma linarukaruka. Umeniambia la mbele linateleza, kwenye kona, mara tatu, mahali pamoja. Hilo linaniambia mambo matatu kabla hata sijaiona hiyo kinga: tairi zako zimejaa upepo kupita kiasi, unashika breki ukiwa tayari ndani ya kona, na unakaa nyuma mno. Baiskeli ya bei mara tano ingekuangusha palepale, ila ungelia zaidi kwa sababu ya bei.

Na hizo zenye amotisa mbili tunazoletewa kwenye okazo, nyingi nimezifungua. Nzito, springi ya nyuma inadunda kama godoro la zamani, na bolti za maungio zimeliwa. Ukivunja kipande kimoja pale katikati, utakitafuta mpaka nywele ziote mvi. Yako ya amotisa moja, ikiwa fremu haina ufa, itakupeleka Katana na kukurudisha.

Tuanze na udongo, maana watu wa baiskeli huongea sana kuhusu chuma na wanasahau kinachokanyagwa. Nimetengeneza baiskeli Goma kwa miaka mingi kabla ya kuhamia hapa Bukavu, na wiki yangu ya kwanza hapa nilianguka kama mtoto. Sikuelewa. Ziwa ni lilelile, milima ni ya volkano vilevile. Tofauti ni umri. Jiwe la Goma, lava ile, ni changa: lile lililoingia mjini tarehe 17 Januari 2002 hadi ziwani, na lile lililoshuka Mei 2021, bado lina meno. Linakata. Lakini halitelezi, tairi linalishika jiwe hilo la kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe, hata mvua ikinyesha. Bukavu, mawe ya volkano yana mamilioni ya miaka, yameoza, yamegeuka udongo mwekundu mzito unaoujua kwenye viatu vyako kila Oktoba. Ukikauka ni kama saruji, na juu yake kuna vumbi jembamba. Ukipata mvua ya dakika kumi, juu panakuwa sabuni wakati chini bado ni pagumu. Na ukilowa siku nzima, unanata mpaka gurudumu linakataa kuzunguka kwenye fremu. Ni udongo huohuo unaoshusha nyumba kule Funu.

Kwa hiyo hapa kwetu saa ya kutoka ni muhimu kuliko aina ya tairi. Siku mbili baada ya mvua, jua likiwa limepiga lakini udongo bado una unyevu kidogo ndani, ndiyo siku ya dhahabu: tairi linaingia kidogo, linashika, kona zinakubali. Dakika kumi baada ya mvua kuanza ndiyo saa mbaya kuliko zote. Mvua ikikukuta juu, teremka ukiisukuma. Mimi husukuma, na nina mvi. Ukisubiri kukauka vizuri mwezi wa saba, kuna adui mwingine: lile vumbi jembamba juu ya saruji. Tairi halifiki kwenye ardhi, linaelea juu ya unga.

Halafu una mikalitusi yako. Msitu wa mikalitusi si msitu wa kawaida, mdogo wangu. Chukua dakika moja, shuka kwenye ile kona, uinamie kabisa. Utaona majani marefu yaliyolala tabaka juu ya tabaka, makavu juu, yaliyooza chini. Ukiyasogeza kwa kidole, utaona vile vitunda vidogo vigumu, vya mviringo, mamia kwa mamia. Ni goroli. Ukipita juu yake na gurudumu lililolala kwenye kona, ni kama mtu amekuwekea shanga chini ya kiatu. Ndani zaidi kuna mizizi, na mzizi wa mkalitusi ukilowa hauna huruma. Na pembeni, ambako watu wamekata miti ya makala (makaa) na miti imechipua tena, kuna visiki vimekatwa kwa mshazari, urefu wa kifundo cha mguu, ncha juu. Kanyagio likigonga kisiki kimoja, unaruka wewe, kinga inabaki. Visiki hivyo vimenitia makovu mawili, moja nakaa nalo kwenye goti la kulia.

Sasa fanya hivi kwenye kona yako kabla ya kuipita tena: peleka mguu ufagie. Kweli, fagia kwa kiatu majani na vitunda pale mstari wa gurudumu unapopita, hatua tatu au nne tu. Utaona chini kuna udongo mzuri. Watakaokucheka waache wacheke.

Upepo. Najua unavyojaza, kwa sababu kila kijana anayeniletea VTT anaijaza kama ya kubeba magunia: kilo nne za kipimo cha upepo (bar), mpaka ukipiga kwa ngumi inalia. Tairi gumu hivyo linagusa ardhi kwa sehemu ndogo kama sarafu. Kwa kilo zako 68, na tairi za upana wa inchi 2.1 zenye tyubu, weka kilo 1.7 mbele na 2 nyuma. Kama huna kipimo, kaa juu ya baiskeli mwenzako aangalie: tairi la mbele liwe limebonyea kidogo tu chini, upande wa nyuma zaidi kidogo. Siku ya kwanza utahisi kama kuna pancha. Vumilia. Siku ya pili utashangaa ulikuwa unaishije.

Lakini usinichukulie neno moja ukalipeleka kila mahali. Ukifika Goma na upepo huohuo, ukapita juu ya lava kwa kasi, ncha ya jiwe itabana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili yanayotazamana, kama umeumwa na nyoka. Kule ongeza hadi 2.5, na uangalie ubavu wa tairi kila unaporudi nyumbani. Ubavu ndio unaokufa kwanza kwenye lava. Na ukiwa Goma, upande wa Sake hasa, usilale kupumzika kwenye kishimo kilichozama chini ya barabara hata kama kina kivuli kizuri. Mazuku hukaa mahali kama hapo: ni hewa nzito isiyo na rangi, imeshaua watu na mbuzi. Kaa juu, palipo na upepo. Nimetoka nje ya swali, najua.

Turudi kwenye breki, maana hapo ndipo penye jibu lako kubwa.

Kushuka ni kazi ya kugeuza kimo kuwa joto. Wewe, kinga, maji na begi ni kama kilo 85. Ukianza mita 400 juu ya ziwa na kushuka polepole mpaka kwenye maji, karibu nguvu yote ya kimo hicho inaishia kwenye vile vipande vidogo vya plaketi (pedi za breki) na diski zake. Nimeipiga hesabu: inatosha kuchemsha lita moja ya maji ya chai. Hapa Bukavu maji huchemka mapema kidogo, kwenye nyuzi kama 95, kwa sababu tuko juu, kwa hiyo hata sukari unaweza kuandaa. Lita moja ya maji yanayotokota, ndani ya kitu chenye ukubwa wa kidole gumba. Ndiyo maana zinalia.

Hili si jambo jipya. Baiskeli za milima zenyewe zilizaliwa kutokana na joto hili. Miaka ya 1970, California, kwenye vilima vya Marin karibu na bahari, vijana walichukua baiskeli nzito za miaka ya 1930 na 1940 wakawa wanashuka nazo kwenye barabara moja ya udongo: mita 400 za kimo ndani ya kilomita tatu na kidogo. Breki ilikuwa moja, ile ya kukanyaga kinyumenyume, iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Wakifika chini, grisi ya kitovu ilikuwa imeungua yote na inatoa moshi, lazima wafungue na kupaka mpya kabla ya kurudi juu. Barabara ile wakaiita Repack, yaani paka upya. Mashindano ya kwanza pale yalikuwa tarehe 21 Oktoba 1976, na mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, akaanza kujenga fremu mpya kabisa kwa ajili ya kazi hiyo. Mwenzao mwingine, Tom Ritchey, miaka mingi baadaye alifika hapa jirani Rwanda, mwaka 2005, akabuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa. Kwa hiyo usidhani mambo haya ni ya watu wa mbali. Kimo chao na chako ni kilekile, na grisi yao iliungua kama plaketi zako zinavyoungua.

Mimi nilijifunza kwa kidole. Nilishuka mteremko wa Ngomo, kwenda Kamanyola, na kinga ya breki za mpira zinazobana rimu. Unaijua barabara ile, kona juu ya kona, lori mbele yako na lori nyuma yako, bonde la Ruzizi linakuita kutoka chini. Niliogopa, kwa hiyo nilishika breki tangu juu, sikuziachia hata mara moja, kidogo kidogo, mfululizo. Nikadhani hiyo ndiyo busara. Katikati ya mteremko nikasimama kunywa maji, nikagusa rimu nione kama imekaa sawa. Ngozi ya kidole ilibaki pale. Nikiwa bado napuliza kidole, tyubu ya mbele ikapasuka yenyewe, baiskeli ikiwa imesimama tuli, kwa joto tu. Ingepasuka dakika moja kabla, nisingekuwa nakuandikia.

Kosa si kushika breki. Kosa ni kuzishika kidogo muda wote. Plaketi hazipati nafasi ya kupoa, zinang'aa juu kama kioo, na kitu kinachong'aa hakishiki. Mkono nao unachoka kwa kukaa umekunjwa, na hapo ndipo vidole vinapokufa ganzi. Shika kwa nguvu mahali ulipochagua, mpaka kasi ishuke kwelikweli, halafu achia kabisa. Shika, achia. Upepo unapita kwenye diski, damu inarudi vidoleni. Watu wa chukudu kule Goma, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, wanajua hili bila kufundishwa. Nimesimama mara nyingi barabara ya Kibumba kuwaangalia wakishuka na viazi na kabichi, mzigo mrefu kuliko mtu, gurudumu la mti lililovishwa mpira wa tairi la gari. Breki yake ni kipande cha mpira nyuma kinachokandamizwa kwa mguu. Mwenye chukudu hangoji kasi imshinde. Anakandamiza juu kabisa, pale mteremko unapoanza kuinama, wakati bado anaweza kusimama. Akishaingia kwenye mteremko amechelewa, na anajua.

Sasa za kwako, za waya. Breki nyingi za diski za waya husogeza plaketi moja tu, ya nje; ya ndani imesimama, na ina skrubu yake ya kuisogeza karibu na diski. Karibu kila ninayoletewa, mtu amekaza waya tu, akaisahau ile ya ndani. Matokeo yake plaketi ya nje inaikunja diski kwanza kabla haijabana, nguvu inapotea, na wewe unavuta kwa vidole vinne. Sogeza ya ndani mpaka ibaki nafasi ya unene wa karatasi mbili, kisha ndipo urekebishe waya. Na waya wenyewe: chomoa, uone. Kama mfereji wake una udongo ndani, hakuna marekebisho yatakayokusaidia, badilisha vyote viwili. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye kinga na ndicho kinachorudisha vidole.

Kelele kwa kawaida ni mafuta. Mtu amemwaga oili kwenye mnyororo, tone likaruka kwenye diski; au ameishika diski kwa mkono wenye mafuta ya kupikia. Osha diski kwa maji moto na sabuni ya vyombo, ikauke, usiiguse tena. Plaketi zisugue kwa msasa juu ya kitu bapa mpaka ule mng'ao uondoke. Kama zimenyonya mafuta, zitupe bila huruma. Ukinunua mpya, kwa udongo wetu tafuta zile za chuma, zile laini huisha kwenye tope kama chaki. Ila angalia kwanza diski: za bei nafuu mara nyingine zimeandikwa kwamba hazikubali plaketi za chuma. Plaketi mpya zisipelekwe mlimani siku hiyohiyo. Tafuta barabara tambarare, kimbia, shika mpaka mwendo wa mtu anayetembea, achia, rudia mara 15 au 20. Zinajifunza diski yao.

Siku ukipata breki za mafuta, kumbuka neno moja: usikubali fundi akuwekee mafuta ya breki ya pikipiki bila kusoma kilichoandikwa kwenye kifuniko. Za Shimano hutumia mafuta ya madini. Ukiweka yale ya gari au pikipiki, mipira ya ndani inavimba na breki inakufa. Mimi niliharibiwa breki hivyo na fundi ninayemheshimu mpaka leo.

Lakini hata breki zikiwa kama mpya, kona itakuangusha kama hutabadilisha jinsi unavyokaa. Najua ulivyoambiwa: "Kwenye mteremko kaa nyuma." Wote tunaambiwa. Ni kweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo imekuangusha mara tatu. Ukijivuta nyuma ya kiti, mikono imenyooka, makalio karibu yanagusa tairi, gurudumu la mbele halina uzito. Gurudumu lisilo na uzito haligeuki, linateleza tu. Unageuza usukani kushoto na lenyewe linaendelea mbele kama halikusikia. Kipimo changu ni mikono: kwenye mteremko, mikono isisukume usukani wala isiuvute. Ukiuvuta, uko nyuma mno. Ukiusukuma, uko mbele mno. Katikati hapo, uzito wote uko kwenye miguu, viwiko vimefunguka nje kama mtu anayepita mlango mwembamba na sahani, kifua kimeinama, visigino chini. Shusha kiti kabla ya kuanza kushuka, kwa upana wa vidole vinne. Kidole kimoja kwenye breki, cha shahada, vingine vyote vishike usukani.

Kona ya kushoto: breki zote uzimalize kabla, ukiwa bado unaenda moja kwa moja. Ile ya mbele ina nguvu kuliko ya nyuma, usiiogope, ila iguse ukiwa wima, usiiguse ukiwa umelala. Ukifika mlangoni mwa kona, achia. Kanyagio la kulia liwe chini, ulikanyage kwa uzito wako wote kama unataka kulizamisha. Mkono wa kushoto usukume usukani chini. Baiskeli ilale zaidi kuliko mwili wako. Na macho, mdogo wangu, macho. Nina hakika unautazama ule mti uliokupokea mara ya kwanza. Unaangalia pale ulipoanguka, na baiskeli inafuata macho. Tazama kona inapotokea, pale njia inapopotelea.

Fanya mazoezi ya hili kwenye uwanja wa mpira kwanza, na chupa mbili za kuzunguka. Jioni mbili tu, kisha rudi msituni.

Kupanda umesema huna shida, basi sitakupotezea muda. Gia nyepesi kabla mlima haujaanza, kaa ncha ya kiti, na ukishindwa sukuma.

Kitu ambacho hukuuliza: njia zile si zetu. Ni za akina mama wanaoshuka na makala na kuni, mkanda kwenye paji la uso, mgongo umeinama hivi kwamba wanaona miguu yao tu. Mama wa namna hiyo hawezi kukuona, na akikusikia ghafla hawezi kukwepa. Mzigo ule ukishaanza kuinama unamwangusha. Ukimwona, simama kabisa, shuka, weka kinga upande wa bonde, wewe upande wa mlima usimzuie njia. Msalimie kabla hajakufikia: "Pole na mzigo, mama." Funga kengele ndogo, hata ya kopo. Kuna kijana alimgonga mama mmoja kwenye njia ninayoijua, hakuumia sana, lakini kwa miezi mingi hakuna aliyepita pale na baiskeli bila kurushiwa mawe. Walikuwa na haki.

Safari yenu. Kwenda Katana mtapita Mudaka, Miti na Kavumu, ni kilomita kama 30 hadi uwanja wa ndege, na barabara kubwa ina malori, vumbi na motari (waendesha pikipiki za abiria) wenye haraka. Mahali mnapoweza, shukeni upande wa ziwa, njia za chini kuelekea Birava. Ni ndefu zaidi, inapanda na kushuka kila rasi, lakini ndiyo baiskeli yenyewe: migomba, nyasi fupi juu ya vilima ambako ng'ombe wanalisha, mikalitusi kidogo, halafu ghafla ziwa chini ya miguu yako. Ukifika kwenye nyasi zile fupi utafurahi, zinashika vizuri kuliko udongo mtupu. Angalia tu mashimo yaliyofichwa na kwato. Mkiwa na nguvu, pandeni hadi Lwiro kuona majengo ya kituo cha utafiti. Msijaribu kuingia Hifadhi ya Kahuzi-Biega kwa baiskeli, hata njia ikionekana wazi. Ile si ya kuchezea. Na asubuhi ya kuondoka, kabla hamjafunga mabegi, waulizeni motari waliotoka upande ule usiku huo njia ikoje. Wao wanajua kuliko redio. Wakisema leo hapana, basi ni hapana.

Idjwi ningeipa siku mbili. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Kivu, magari ni machache, njia za miguu zinapita kwenye kahawa na mananasi. Kwenye boti laza kinga upande wa kushoto, mnyororo ukiwa juu, na ufunge kipande cha katoni kwenye diski; mtu akikalia mzigo wako, diski inapinda na hutaiona mpaka ushuke mlima wa kwanza. Bebeni tyubu mbili kila mmoja, pampu moja ya kuaminika, kiungo cha mnyororo, na kipande cha tairi la zamani cha kuweka ndani tairi likipasuka ubavu. Noti ya franga iliyokunjwa nayo hufanya kazi hiyo mpaka nyumbani, nimejaribu.

Pesa ulizotaka kuongeza kwenye baiskeli mpya, anza na helmeti, hata ya okazo ilimradi haijawahi kuanguka, halafu waya, halafu plaketi. Tairi ziangalie mwisho; kama vijino vya pembeni bado vina pembe kali, ukivigusa vinakwaruza, tairi hizo bado zina mwaka.

Jumamosi nenda pale kwenye kona bila kinga, na ufagio. Kisha rudi nayo, upepo 1.7 mbele, ukiwa umeshika breki na kuziachia kabla ya mti. Ikikuangusha tena niandikie, lakini uniambie kwanza kanyagio la kulia lilikuwa wapi.